Makufuli ya kale: nilivyopigwa, na namna ya kumjua feki kabla hujatoa hela

TumbuuLaMlango (mleta uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuahirisha karibu mwaka mzima kwa sababu ya aibu, lakini juzi kwenye grupu moja la WhatsApp jamaa katupia picha anauza kufuli la kale, nikaangalia nikaangalia tena, ni lile lile nililouziwa mimi. Sisemi linafanana. Nasema lile lile, hadi kovu la pembeni kama mtu aliligonga na nyundo, hadi ile herufi R ambayo mguu wake umekatika. Na la kwangu wakati huo liko mbele yangu mezani. Nikasema basi, leo naandika, atakayecheka acheke.

Mimi nakusanya makufuli. Ndiyo, makufuli. Wengine wanakusanya stempu, wengine saa, mimi nina makufuli arobaini na kitu, nilianza na la mlango wa bibi Tanga, lile la kufungia mnyororo kwenye tumbuu (kile kipete cha chuma cha mlangoni). Mke wangu ameshazoea, wageni bado.

Sasa lile nililopigwa. Nilikuwa Mombasa, Mji wa Kale, si dukani, ni mtu tu wa kutembeza. Ana mkoba wa vitu: sarafu za pesa za zamani, kengele, dira ya meli, na hilo kufuli. Zito, shaba, limechafuka vizuri, limeandikwa E.A.R. & H. na chini yake 1901. Akaniambia hili mzee lilikuwa linafunga behewa pale Tsavo kipindi cha simba wala watu. Nikasisimka kweli. Nikatoa elfu kumi na mbili za Kenya bila hata kubembeleza bei.

Haya hesabu na mimi. Simba wa Tsavo ni 1898. Kufuli linasema 1901. Tayari hadithi imeshapishana na kitu chenyewe miaka mitatu. Halafu hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba 1901 hakukuwa na kitu kinaitwa East African Railways and Harbours! Reli ile ilianza Mombasa 1896 ikiitwa Uganda Railway, ikafika Kisumu 1901 bado ni Uganda Railway, miaka ya 1920 ndo ikabadilishwa jina ikawa ya Kenya na Uganda, na E.A.R. & H. imezaliwa 1948 walipounganisha na reli za Tanganyika. Yaani aliyegonga zile herufi kanigongea jina la mtoto kwenye cheti cha babu yake. Na mimi historia hiyo naijua! Naijua vizuri kabisa, ila pale barazani akili iliondoka ikaniachia kiwiliwili.

Kwa hiyo somo la kwanza kabla ya lenzi na sumaku: soma maandishi kama karani wa mahakama. Jina la shirika na mwaka vinaendana? Tanganyika kama jina la nchi ni la Waingereza, 1920, sasa ukiona kufuli TANGANYIKA 1912 jua wakati huo hapa ni Mjerumani. Kenya kuwa koloni kwa jina hilo ni 1920, kabla yake ilikuwa East Africa Protectorate. Kampuni ya makufuli ya Yale & Towne jina hilo limeanza 1883, kwa hiyo Yale & Towne 1870 ni magumashi. Chubb wa London, nao watengeneza makufuli, ukikuta anuani ya Queen Victoria Street halafu muuzaji anakwambia la 1850, mtaa wenyewe umefunguliwa 1871.

Nitaendelea, chai kwanza.

Kidadisi

Bila picha uzi huu ni batili

SinaBaya

Watu wanatafuta hela ya luku wewe unatafuta kufuli ambalo halifungi. Kweli dunia ina wenyewe

TumbuuLaMlango

@SinaBaya linafunga mkuu, ndo uzuri wake. Picha nitaweka jioni, simu hii kamera imepasuka.

Tuendelee. Lile kovu kutokea kwenye makufuli mawili maana yake nini? Maana yake walichukua kufuli moja (hata hilo sidhani lilikuwa la reli) wakalikandamiza kwenye udongo, wakapata kalibu (lile umbo tupu la kumiminia shaba iliyoyeyushwa), wakasubu mengi. Kovu likaingia kwenye kalibu kama alama ya kuzaliwa. Kwa hiyo ukipata nafasi ingia mtandaoni tafuta picha za makufuli ya aina hiyo uone kama kuna ndugu yake mwenye kidonda kilekile. Kufuli lililopata ajali lilipata peke yake.

fundi_kalibu

Mleta mada umenigusa kwenye kazi yangu. Mimi nasubu shaba na aluminiamu, vitasa, nanga za mapambo, herufi za makaburi, na sitaki kusema nani ananiletea vitu gani nimtengenezee ila nimeshaletewa.

Niongeze hapo kwenye kalibu kwa sababu watu wengi hawajui. Shaba ikiwa ya moto imevimba, ikipoa inasinyaa. Shaba ya njano inasinyaa kama asilimia moja na nusu hivi, inategemea umechanganya nini. Sasa kiwandani wanalijua hilo, kifani cha kutengenezea kalibu wanakichonga kikubwa kidogo makusudi ili kitu kikipoa kitoke saizi inayotakiwa. Lakini wewe ukichukua kufuli lililokwisha ukalifanya ndo kifani, mtoto atatoka mdogo kuliko mama. Kufuli la milimita 80 litakuja na 79 kasoro. Kwa macho huoni. Ukishika kalipa, ile rula ya kubana ya mafundi, unaona. Na wakichukua huyo mtoto wakasubu mjukuu, mjukuu anapungua tena. Kwa hiyo kama una la kweli moja au rafiki yako analo, pima upana, pima urefu wa mwili bila upinde (kile chuma kilichojikunja juu), andika. Hivyo vipimo weka kwenye simu uende navyo mnadani.

Cha pili, herufi. Herufi ya kalibu ya kwanza ina kona kali. Herufi ya kalibu ya kuiba ni kama sabuni iliyoogewa wiki mbili, kona zimelala. Na ngozi ya kitu inakuwa na vitundu vitundu kama ganda la chungwa, hasa ndani ambako mtu hakupitisha tupa. Wanasafisha mbele, mgongoni wanaacha. Geuza kila kitu mgongo.

Cha tatu ribiti, vile vijiti vya kugongewa vinavyoshikanisha mabamba. Makufuli mazuri ya zamani ya leva (vibao vya ndani ambavyo ufunguo unavinyanyua), yale ya Uingereza, bamba la mgongo limefungwa kwa ribiti, zimegongwa halafu zikapigwa tupa na kusuguliwa mpaka zimezama, unaona kivuli cha duara tu, na saa nyingine hata hicho huoni mpaka uhemee pumzi juu yake. Feki ribiti imevimba kama chunusi, au wameweka skrubu kabisa. Ukikuta skrubu ya nyota hapo funga mjadala kama muuzaji anasema la Malkia Victoria. Victoria amekufa 1901, skrubu ya nyota ni kitu cha miaka ya 1930.

Nyamachoma254

Buda hii story ya skrubu ya nyota imeniua 😂😂 mimi niko nayo moja home imeandikwa VR (Victoria Regina, yaani Malkia Victoria) na crown na iko na skrubu mbili za nyota. Nilinunua kwa msee wa curio hapa Nairobi akaniambia ilikuwa ya Queen. Nikauliza Queen alikuwa anafunga nini nayo akasema stoo.

fundi_kalibu

@Nyamachoma254 usilitupe kwanza, kuna makufuli ya kweli yaliyofunguliwa na mafundi huku kwetu yakatengenezwa springi, ribiti ikatolewa ikawekwa skrubu. Angalia tundu la skrubu. Kama zamani palikuwa na ribiti utaona tundu limepanuliwa, halijakaa sawasawa. Kama tundu limekaa vizuri na la upande huu na la ule ni mapacha basi limezaliwa hivyo.

Na VR na taji havimaanishi lilikuwa la serikali. Watengenezaji Uingereza waliyagonga tu hayo mataji kama urembo wa biashara. Mali ya serikali ya Uingereza uitafute kwa ule mshale, alama kama unyayo wa kuku.

Nyamachoma254

Tundu ni mapacha 💔

TumbuuLaMlango

Pole ndugu, karibu chamani.

Mimi niseme kuhusu kuchakaa, hapo ndo nimejifunza kwa hela yangu. Kufuli lililofanya kazi miaka hamsini limechakaa mahali maalum, halichakai kila mahali. Jiulize lilikuwa linaning'inia vipi. Upinde umelika upande wa ndani, pale juu ulipokuwa unakaa kwenye tumbuu au mnyororo, kuna kibonde unakisikia kwa kidole. Pale upinde unapozungukia kumelegea kidogo. Kile kifuniko cha tundu la ufunguo, kile kinachocheza kushoto kulia, kimekwaruza mwili kikaacha alama ya nusu duara chini yake, kama kifuta mvua cha gari. Na mgongo wa kufuli umesuguliwa na mbao za mlango kuliko mbele.

Feki limechakaa kwa usawa. Kona zote nne zimelainishwa sawa, mbele sawa na nyuma, maana lilizungushwa kwenye pipa la mchanga au mtu alipitisha msasa akiwa anaangalia mpira. Upinde ndani? Mzima, umetulia, haujawahi kuona tumbuu maisha yake. La kwangu la Tsavo liko hivyo hivyo. Kona za mzee, upinde wa kichanga.

Rangi pia. Shaba ikizeeka yenyewe inakuwa na weusi fulani wa hudhurungi ulioshikana, na kijani ikiwepo imekaa pembeni kwenye mifereji, ngumu, unaikwangua kwa kucha haitoki. Ya feki ni kijani cha unga, lowesha kidole gumba pitisha kinatoka. Wengine wanapaka rangi ya viatu. Chukua pamba weka ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, sugua sehemu ndogo ya mgongoni (omba ruhusa! usije ukapigwa), pamba ikiwa kahawia na chini pameng'aa kama kikombe kipya, rudisha shikamoo yako uondoke. Halafu nusa. Sitanii. Likinuka kama choo cha stendi ni amonia wamelizeeshea.

Na mulika tochi ndani ya tundu la ufunguo. Huko ndani mzeeshaji hafiki. Kufuli jeusi nje, ndani njano ya dhahabu, limezeekaje upande mmoja?

Mbebaboksi

Niko huku Marekani na huu ugonjwa ninao mkuu, nilidhani niko peke yangu Mswahili mzima. Huku wanaougua ni wengi, wana minada yao na vyama vyao.

Huku kinachofojiwa zaidi ni makufuli ya reli na yale ya Wells Fargo. Wells Fargo ilianza 1852, walikuwa wanasafirisha dhahabu na barua enzi za California, sasa kila mtu anataka kufuli la sanduku la dhahabu. Utayakuta mabonge ya shaba yameandikwa WELLS FARGO kwa herufi za bango la uchaguzi. Mzee mmoja wa huku ambaye ndo alinifundisha aliniambia kitu nikakishika: kampuni inayobeba dhahabu haina haja ya kuandika jina kubwa hivyo kwenye kufuli, mwizi hahitaji tangazo.

Ya reli ni yale yenye umbo la moyo, ya kufungia swichi za njia ya treni (pale reli inapogawanyika), jina la reli limegongwa kwa herufi ndogo kwenye upinde au mgongoni. Kufuli tupu lisilo na jina bei ya soda. Lenye jina la reli ndogo iliyokufa zamani bei ya ng'ombe. Sasa hapo wajanja wanafanya nini? Hawasubu. Wanachukua kufuli la kweli, la zamani kweli, limechakaa kweli, limelika upinde kweli, halafu wananunua seti ya herufi za chuma za kugongea na nyundo. Dakika tano soda imekuwa ng'ombe.

Hao ndo wa kuogopa. Hizi za skrubu za nyota ni za watalii. Hii ya kugonga herufi inakula mpaka wakongwe, kwa sababu vipimo vyote alivyosema fundi vinapita, kalipa inapita, ribiti zinapita, tochi inapita. Kila kitu ni cha kweli isipokuwa herufi mbili.

Na moja fupi: yale makufuli ya mabati yaliyopangwa kama mkate wa kukatwa, ya Master Lock, kampuni imeanza Milwaukee 1921. Mtu akikuuzia la namna hiyo eti la vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani mwombe soda.

Mzawa wa Kigoma

Wakuu samahani naingilia. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa reli, alikuwa stesheni za huku reli ya kati, alifariki mimi mdogo. Kuna kufuli nyumbani la shaba, kubwa kama kiganja, limeandikwa T.R. Kuna mtu amekuja anasema ni feki atanisaidia kuliondoa kwa elfu 20. Nimeshangaa feki unanunua la nini? Ufunguo upo, una tundu kwa mbele kama filimbi.

MjiMkongwe_Dukani

Ati feki anataka kukusaidia kuliondoa 🤣 usimpe.

Mie nauza vitu Mji Mkongwe, nimewasoma toka juu nimenyamaza, sasa niseme. Si kila muuzaji mwizi. Mie dukani kwangu nina makufuli mapya yanatoka India, mazuri tu, ya shaba, yana nanga, yana meli, mengine yameandikwa East India Company, mengine Titanic. Mgeni akiuliza namwambia hili ni la pambo, jipya, bei yake hii. Anakwenda zake mtaa wa pili anaambiwa hili hapa la kale, analinunua mara kumi, hilo hilo tulilochukua kwa msambazaji mmoja! Watu hawataki kufuli, wanataka qissa. Na hiyo Titanic nawaulizaga, jamani meli ilizama 1912, makufuli haya yote yalitoka na nani, waliogelea nayo?

Lakini nawaomba msiseme kila cha India ni feki, hapo mnatukosea. Pwani hii tumefanya biashara na Kutch na Gujarat kabla hiyo reli yenu haijafikiriwa. Kuna makufuli ya chuma ya kihindi, yale ufunguo wake ni wa kusokota kama skrubu, na yale ya kusukuma ufunguo springi zikajibana upinde ukachomoka, hayo yapo kwenye majumba ya watu ya kweli kabisa, ya zamani, hayana herufi hata moja. Watalii wanayapita hawana habari. Aligarh kule India mpaka leo mji mzima kazi yao makufuli, wanatengeneza ya kazi na ya pambo.

Na kitu kinachoniumiza roho ni haya wanayoita kufuli la watumwa. Wallahi naona haya. Mtu anachukua pingu ya chuma iliyosubiwa juzi, kutu ya maji ya chumvi, anamuuzia mgeni eti ilitoka soko la watumwa lililofungwa 1873. Kwanza uongo. Pili, hata ingekuwa kweli, kitu kama kile ni cha kuuziwa mtu akafungie mlango wa baa?

TumbuuLaMlango

@MjiMkongwe_Dukani hapo umenena, na mimi hayo ya "watumwa" siyagusi, la kweli wala la uongo.

Na wanaopeleka vitu nje wajue Tanzania Bara kuna sheria ya mambo ya kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kina utaratibu wake wa kibali, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 nayo imo. Kuna jamaa walidhani mlango ni mbao tu.

@Mzawa wa Kigoma, T.R. inaweza kuwa Tanganyika Railways kabisa, walikuwepo kuanzia Mwingereza alipochukua mpaka 1948. Ila baada ya alichosema Mbebaboksi naogopa kukujibu haraka. Fundi njoo huku.

fundi_kalibu

Nipo. Mzawa fanya hivi, usilisugue, usilipake kitu, hasa usilipeleke kwa mtu wa kung'arisha, mng'aro unafuta ushahidi wote na bei pia.

Kaa juani asubuhi, jua likiwa la ubavu. Shika herufi T iangalie kwa lenzi au kamera ya simu uivute. Ukigonga herufi kwenye shaba chuma kinaenda chini, shaba iliyokuwa pale inakimbilia pembeni, inanyanyuka kidogo, inafanya ukingo. Herufi ya miaka themanini ukingo huo umeshalala, umesuguliwa na mikono na milango na mifuko, ukipitisha kidole husikii kitu. Herufi ya mwaka jana ukingo unakwaruza kidole. Akiwa mjanja amepiga msasa ukingo, basi utaona pale kuzunguka herufi pameng'aa kuliko kwingine.

Pili angalia ndani ya herufi, chini kabisa shimoni. Uchafu wa huko uwe uleule wa kwenye mifereji mingine ya kufuli. Rangi moja, ugumu mmoja.

Tatu ndo kubwa na hii haidanganywi kirahisi. Tafuta mkwaruzo mrefu wa zamani unaopita kwenye herufi. Kila kufuli la kazi linao. Uangalie mkwaruzo ukifika kwenye herufi unafanyaje. Kama herufi ilikuwepo kwanza, mkwaruzo utapita juu, utaruka shimo kama baiskeli inavyoruka mtaro, na utakuta kona ya herufi imekatwa kidogo pale mkwaruzo ulipopita. Kama mkwaruzo ulikuwepo kwanza halafu herufi ikaja, herufi imeukata mkwaruzo, umesukumwa, unapinda ukikaribia ukingo kwa sababu shaba ilisogea. Nani alimkata nani. Ndo hivyo tu.

Mzawa wa Kigoma

Niko kijijini kesho kutwa, nitaangalia. Kufuli liko kwa mama.

SinaBaya

Nimeingia kucheka sasa nimekaa saa nzima nasoma. Mleta mada una hayo arobaini, la gharama kuliko yote ni lipi

TumbuuLaMlango

Hehe. Lipo moja. Hili sikulinunua barabarani, nilinunua kwa mtu wa heshima, mkusanyaji, tena nilikwenda na kila kitu nilichowaandikia hapa juu. La shaba, leva sita, ribiti zimezama huzioni, kifuniko kina nusu duara yake, upinde umelika kibonde ukiweka kidole kinalala. Mgongoni U.R., herufi ndogo safi. Uganda Railway yenyewe, ya kabla ya miaka ya 1920. Nilitoa laki nne na nusu, mama watoto anajua laki moja, kwa hiyo asiyenijua aendelee hivyo hivyo kutonijua.

Kidadisi

Na hilo umelipima mkwaruzo?

Mbebaboksi

👀

Nyamachoma254

Aki Kidadisi 😂😂😂 mwache mzee

TumbuuLaMlango

Nimelipima ribiti, kalipa, tochi, pamba.

Kidadisi

Mkwaruzo mkuu.

TumbuuLaMlango

Kesho asubuhi. Jua la ubavu amesema fundi.

Mzawa wa Kigoma

Wakuu nimerudi, network ya huku ya kupanda juu ya kichuguu. Kufuli nimelikuta kwenye banda la kuku, halijatoka hapo tangu nikiwa darasa la tatu, kumbe mimi miaka yote nalijua kwa kuliona tu usiku.

Nimefanya alivyosema fundi. Ukingo hakuna, kidole kinapita laini. Ndani ya herufi kuna uchafu mweusi mgumu, na mwingine sitasema ni nini kwa sababu ni banda la kuku. Mkwaruzo upo mmoja mrefu kutoka karibu na upinde unashuka mpaka chini, unapita kwenye R. Nimepiga picha nimevuta. Umeruka. Unaingia upande wa kushoto wa R, shimoni haupo, unaendelea kulia, na kona ya R pale imevunjika kidogo kabisa.

fundi_kalibu

Basi R ilikuwepo kabla ya mkwaruzo. Hilo la babu yako. Huyo wa elfu 20 anajua kufuli kuliko wewe, ndo maana alikwambia feki.

MjiMkongwe_Dukani

Mashaallah. Mzawa nicheki pm, nitakupa bei ya kweli mbele ya watu wote hapa.

Mzawa wa Kigoma

Asante bi mkubwa/mzee sijui, ila nimemuuliza mama amesema nikilitoa nilete kufuli lingine leo leo kabla ya magharibi kwa sababu kicheche haangalii historia. Halafu amesema hata nikileta halitoki. Kwa hiyo ndo hivyo.

Nyamachoma254

Mathe ameclose deal. Sasa tunangoja OP, jua la ubavu limeshakuwa la utosi

Kidadisi

Siku ya pili hii. Tumbuu uko wapi

Mbebaboksi

Mwacheni ajipange. Mimi lilinitokea, nilikaa wiki.

TumbuuLaMlango

Nipo jamani nipo.

Nililiangalia jana asubuhi, nikaliangalia mchana, leo nimemwita kijana wa jirani mwenye simu nzuri akavuta picha kwa sababu nilitaka macho yangu yawe ndo mabovu. Kuna mikwaruzo miwili inapita kwenye U. Ule wa juu haueleweki. Wa chini unaeleweka. Umekuja vizuri umenyooka, ukikaribia ukingo wa U unapinda kidogo kuelekea chini, halafu umekatika. Haukuruka. Upande wa pili unaanza tena umepinda vilevile. Herufi imeukata.

Na shimoni mwa R nimetoa uchafu kwa kijiti cha kibiriti. Ni laini. Unanuka rangi ya viatu.

Kufuli lenyewe ni la kweli wakuu, hilo nashukuru, la zamani, la Muingereza, leva sita, limefanya kazi yake mahali fulani miaka mingi likifunga mlango wa mtu asiyejulikana. Herufi ndo za juzi. Thamani yake bila herufi labda elfu sitini. Aliyeniuzia nimempigia, anasema na yeye aliuziwa hivyo, na nadhani ni kweli, sauti yake ilikuwa kama yangu.

Picha naweka sasa @Kidadisi, ya mkwaruzo, ili wengine wajifunzie. Kufuli nimelirudisha kwenye shelfu palepale lilipokuwa, ila nimelipindua, herufi zinaangalia ukuta.